Deni kwa Mfanyakazi wa Kiwanda Kilichofungwa

Nchi inapopunguza ushuru wa forodha na kuzifungulia mlango bidhaa za nje, faida hugawanyika kidogo kidogo kwa watu wengi, kwa kuwa kila mnunuzi hupata shati au taulo kwa bei nafuu, ilhali hasara huwaangukia wachache kwa uzito wake wote, yaani wale ambao kiwanda chao hakiwezi kuuza kwa bei hiyo na hatimaye hufungwa. Serikali ya Marekani iliutambua ukweli huo mapema, na kwa miaka 60 ilikuwa na mpango maalumu wa kuwasaidia wafanyakazi waliopoteza ajira kwa sababu hiyo. Msingi wa mpango huo ni haki, wala si huruma, kwani taifa linaponufaika na uamuzi wake lenyewe, aliyeugharimia uamuzi huo kwa riziki yake ana deni la kulidai.

Wazo hilo lilitolewa mwaka 1954 na David McDonald, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa chuma, likaingizwa katika Sheria ya Upanuzi wa Biashara ya mwaka 1962, ambayo Rais John Kennedy aliihitaji ili apate mamlaka ya kujadiliana na mataifa mengine kuhusu kupunguza ushuru. Hata hivyo, sheria hiyo ilimtaka mfanyakazi athibitishe kwamba punguzo la ushuru ndilo lililosababisha hasa ongezeko la bidhaa zilizomwondoa kazini, sharti ambalo lilikuwa gumu kiasi kwamba hadi mwaka 1969 hapakuwa na kundi hata moja la wafanyakazi lililokubaliwa, na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakaanza kuuita mpango huo bima ya maziko. Ni Sheria ya Biashara ya mwaka 1974 iliyolegeza sharti hilo, ikatosha kuonyesha kwamba bidhaa za nje zilichangia kwa kiasi kikubwa.

Maombi yaliweza kuwasilishwa na wafanyakazi watatu tu kwa niaba ya wenzao, au na chama chao, au na mwajiri mwenyewe, kisha Wizara ya Kazi ikachunguza mauzo ya kiwanda na kuwauliza wateja wake kama walikuwa wamehamia kwa wauzaji wa nje. Waliokubaliwa walilipiwa ada za mafunzo ya kazi nyingine, na bima ya kawaida ya ukosefu wa ajira ilipokwisha, waliendelea kupokea posho ya kila juma ilimradi wawe masomoni. Kwa sheria za miaka ya karibuni, malipo hayo yote mawili kwa pamoja yaliweza kufika majuma 130.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika Kannapolis, mji wa North Carolina uliojengwa kuzunguka viwanda vya mashuka na mataulo, ambako kampuni ya Pillowtex ilifunga milango mnamo Julai 2003 na kuwaacha bila kazi maelfu ya watu, katika tukio kubwa kuliko yote ya watu kuachishwa kazi kwa pamoja katika historia ya jimbo hilo. Wengi wao walikuwa wameingia kiwandani wakiwa vijana bila kumaliza sekondari, kwa sababu kiwanda hakikuwahi kuwadai cheti, hivyo kabla ya kujifunza ufundi mpya iliwabidi kwanza waimalize elimu hiyo, huku majuma ya posho yakiyoyoma. Kumwambia mtu wa miaka 55 aliyesimamia mtambo tangu ujanani kwamba arudi darasani ni kumpa msaada wa kweli, lakini ni msaada uliokatwa kwa kipimo cha mtu mwingine.

Dosari hiyo ilikuwa imeanza kurekebishwa mwaka 2002, ilipoanzishwa bima ya mshahara, ambayo ilimlipa mwenye umri wa miaka 50 au zaidi nusu ya tofauti kati ya mshahara wa zamani na ule mdogo wa kazi mpya, hadi dola 10,000 kwa miaka miwili. Utafiti wa Benjamin Hyman na wenzake umeonyesha kwamba bima hiyo iliwarudisha watu kazini mapema na kuongeza kipato chao. Ila mpango mzima ulibaki mdogo mno mbele ya tatizo. Baada ya China kujiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2001, ajira za viwandani Marekani zilishuka kutoka takriban milioni 17 mwaka 2000 hadi chini ya milioni 12 mwaka 2010, na wanauchumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson waligundua kuwa maeneo yaliyoathirika yalipata fedha nyingi zaidi kupitia malipo ya ulemavu na matibabu kuliko kupitia mpango uliobuniwa kwa ajili yao.

Muda wa kisheria wa mpango huo ulikwisha tarehe 1 Julai 2022 bila Bunge kuuongeza, na tangu hapo Wizara ya Kazi haina mamlaka ya kukubali kundi jipya, ingawa waliokubaliwa kabla ya hapo waliendelea kuhudumiwa. Mfanyakazi wa Kannapolis ambaye kiwanda chake kimefungwa baada ya tarehe hiyo amebakiwa na bima ya kawaida ya jimbo, ambayo sheria ya North Carolina ya mwaka 2013 iliipunguza hadi majuma yasiyozidi 20.