Picha za mitaa yetu ni daftari la historia

Jumamosi moja asubuhi niliwaongoza wanafunzi kumi na wawili kuingia mtaa wa Ziwani, mashariki mwa jiji la Nairobi. Mmoja alibeba kamera niliyomwazima. Waliosalia walikuwa na simu za mkononi. Kazi niliyowapa ilikuwa nyepesi: kupiga picha za vichochoro, milango, vibanda na miti ya mtaa nilimolelewa. Kabla hatujafika mbali, ajuza mmoja aliyekuwa akianika nguo alituita.

"Mwalimu," aliniuliza bila kutabasamu, "picha hizo ni za kutukumbuka ama ni za kutubomolea?"

Swali hilo lilinifunga kinywa. Hakika, mama huyo hakuwa na kosa. Kwa mkazi wa nyumba ya kupanga ya kaunti, mgeni anayeelekeza kamera mlangoni pake huenda akawa mtangulizi wa tingatinga. Ziwani imetajwa pamoja na mitaa mingine mikongwe ya Eastlands katika mipango ya kubomoa nyumba za zamani ili pajengwe maghorofa. Majirani zetu wa Pangani tayari wamekwisha kuyaona hayo: nyumba zao za chini ziliondolewa na mahali pake pakainuka majumba marefu.

Sipingi nyumba mpya. Anayeishi na watoto watano katika chumba kimoja hawezi kushibishwa na historia. Ninalolilia ni kwamba tunabomoa bila kuandika. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari, na mtaa pia ni mali.

Ebu tutazame mali yenyewe. Ziwani ni miongoni mwa mitaa iliyojengwa katika miaka ya 1940 kuwapa makao wafanyakazi Waafrika, wakati ambapo Mwafrika alihesabiwa kuwa mpita njia tu mjini. Jirani yake ni Kariokor, jina lililotokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo ya Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, ambamo maelfu kwa maelfu yao walifariki. Leo wengi hulijua jina hilo kwa sababu ya soko lenye vyondo, viatu vya akala na nyama choma. Hapo karibu pia ipo Starehe, shule iliyoanza mwaka 1959 kwa mabanda mawili ya mabati. Mwanafunzi akiona picha ya banda la mabati na kuilinganisha na shule ya sasa, atajifunza maana ya bidii kuliko atakavyojifunza kwa hotuba kumi.

Lakini ni nani aliyetupiga picha zamani? Mnamo Aprili 24, 1954, utawala wa kikoloni ulianza operesheni iliyoitwa Anvil, mitaa ya Waafrika wa Nairobi ikazingirwa, na zaidi ya wanaume 20,000 hatimaye wakapelekwa kizuizini. Picha za siku hizo zipo. Zinaonyesha watu waliochuchumaa chini ya ulinzi, na mpiga picha amesimama upande wa mwenye bunduki. Picha ya mama yule yule akisuka nywele mlangoni, au ya watoto wakicheza kati ya nyumba, ni adimu mno. Tumebaki na kumbukumbu ya siku tuliyokamatwa, na tumekosa ya siku tulizoishi.

Wenzetu ng'ambo walitanabahi mapema. Kule Uingereza, Francis Frith alianzisha kampuni yake ya picha karibu na mwaka 1860, akaazimia kupiga picha kila mji na kila kijiji cha nchi yake: barabara, kanisa, daraja, hata kisima. Mjini Paris, wakati vichochoro vya kale vilipokuwa vikibomolewa kupisha barabara pana, Charles Marville alipewa na jiji lenyewe kazi ya kuvipiga picha kwanza. Kijana wa kijiji cha Uingereza akitaka kujua babu yake alipita njia gani kwenda shule, anaweza kuiona. Kijana wa Ziwani ataiona wapi?

Wala tusijitetee kwamba hatuna wajuzi. Mohamed Amin, aliyeifanya dunia ione njaa ya Ethiopia mwaka 1984, alizaliwa Eastleigh mwaka 1943, mwendo mfupi tu kutoka Ziwani. Siku hizi chombo alichokihangaikia kimo mifukoni mwa wanafunzi wetu, nao hukitumia kujipiga picha wenyewe huku mtaa ukiwa nyuma yao, umefifia.

Basi walimu wenzangu, nawasihi tulifanye hili kuwa somo. Mwanafunzi aombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mlango wa mtu. Asubuhi ama alasiri, jua likiwa chini, kuta huonyesha nyufa na rangi zake vizuri zaidi. Nyuma ya kila picha iandikwe tarehe, mahali na kilichomo, kwani picha isiyo na maelezo ni kama kaburi lisilo na jina. Mwaka ujao mwanafunzi mwingine asimame palepale apige tena. Nakala moja ibaki katika maktaba ya shule, nyingine apewe mwenye nyumba. Zisiachwe simuni, maana simu huibwa na huvunjika.

Nilimweleza mama yule hayo yote. Akanyamaza kitambo, akafuta mikono kwa leso, kisha akawaita wanafunzi wangu ndani ya ua. Hakutaka apigwe picha yeye. Aliwaonyesha mwimo wa mlango uliokwaruzwa alama ndogondogo, moja juu ya nyingine: urefu wa watoto wake tangu walipoanza kusimama. Alama ya juu kabisa ilikuwa ya kitinda mimba, ambaye sasa ana watoto wake.

"Hii pigeni vizuri," aliagiza. "Mlango hawataniachia niende nao."

Tuliipiga mara tatu, na wiki iliyofuata nilimpelekea nakala iliyochapishwa. Ziwani ina milango mingi kama huo, na tingatinga halingoji mtu amalize kutafuta kamera. Kesho ni ya majuto, na majuto ni mjukuu. Tuanze leo.