Siku 21 baada ya kupandishwa: Maziwa yanavyosema kama ng'ombe hana mimba

Ng'ombe wa maziwa akishahimilishwa, yaani kupandishwa kwa mrija, wafugaji wengi husubiri kuona kama atarudi kwenye joto. Akitulia, wanaanza kuhesabu ndama.

Shida ni kwamba kutulia si ushahidi. Joto la ng'ombe hudumu takribani saa 12 hadi 18 tu, na linaweza kupita usiku watu wakiwa wamelala. Mtaalamu akija kupima kwa mkono baada ya miezi miwili au mitatu, ndipo inagundulika kuwa hakuna kitu tumboni.

Kuna kipimo cha maabara kinachotoa jibu mapema zaidi, kati ya siku ya 21 na ya 24. Kinapima homoni iitwayo projesteroni kwenye maziwa au damu.

Kwa nini wiki hizo ni pesa?

Mimba ya ng'ombe huchukua takribani siku 283. Ukitaka ndama mmoja kila mwaka, toa 283 kwenye 365: zinabaki siku 82 tu tangu azae hadi ashike mimba nyingine. Na katika hizo, wiki sita hadi nane za mwanzo kizazi kinapumzika.

Mzunguko wa joto ni siku 21. Ukikosa mmoja, umepoteza wiki tatu. Ukisubiri siku 90 ndipo ugundue, mizunguko minne imeshapita. Muda wote huo ng'ombe anakula pumba na mashudu kama kawaida, huku maziwa yakizidi kupungua na ndama hayupo.

Homoni yenyewe inafanyaje kazi?

Yai likishatoka kwenye ovari, pale lilipotoka panaota tishu ndogo ya njano inayotengeneza projesteroni. Kazi ya homoni hii ni kuandaa mfuko wa uzazi na kulinda mimba.

Kama mimba haikuingia, tishu hiyo hunywea siku chache kabla ya siku ya 21. Projesteroni inashuka na ng'ombe anarudi kwenye joto. Kama mimba imeingia, tishu inabaki na homoni inaendelea kuwa juu.

Projesteroni inapenda mafuta, kwa hiyo inaingia kwenye maziwa kwa urahisi. Ndiyo maana si lazima kumchoma ng'ombe sindano.

Maabara inahesabuje kitu kidogo hivyo?

Kipimo ni nanogramu, yaani sehemu moja ya bilioni ya gramu. Mililita moja ya maziwa ya ng'ombe mwenye mimba mara nyingi ina zaidi ya nanogramu 10. Siku ya joto, kiasi hushuka karibu na sifuri.

Njia inayotumika sana inaitwa ELISA. Ilitangazwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Chuo Kikuu cha Stockholm, Sweden. Kabla yake projesteroni ilipimwa kwa kutumia mionzi, na mashirika ya Umoja wa Mataifa ya FAO na IAEA yalisambaza vifaa vya aina hiyo kwa maabara nyingi za nchi zinazoendelea.

ELISA haihitaji mionzi. Inatumia sahani ya plastiki yenye visima vidogo 96. Ndani ya kila kisima zimegandishwa kingamwili zinazokamata projesteroni tu.

Fikiria daladala yenye siti chache. Abiria wa kwanza ni projesteroni ya ng'ombe wako. Wa pili ni projesteroni ya maabara, iliyofungwa kwenye kimeng'enya kinachotoa rangi. Wote wanagombania siti zilezile. Walioachwa wanaoshwa na kumwagwa, kisha inawekwa dawa inayogeuka bluu inapokutana na kimeng'enya. Mwisho inaongezwa asidi, rangi inakuwa njano, na mashine inaisoma.

Hapa ndipo watu huchanganya: rangi ikikolea, homoni ya ng'ombe ni kidogo. Maana yake abiria wa maabara ndio waliopata siti. Rangi ikififia, homoni ya ng'ombe ni nyingi.

Ili rangi igeuke kuwa namba, kwenye sahani hiyohiyo huwekwa sampuli ambazo kiasi chake kinajulikana tayari. Sampuli ya ng'ombe inalinganishwa na hizo.

"Hapana" ina uzito kuliko "ndiyo"

Projesteroni ikiwa chini siku ya 21 hadi 24, jibu ni la uhakika mkubwa: hakuna mimba, kwa sababu mimba haiwezi kukaa bila homoni hiyo.

Ikiwa juu, jibu ni "huenda". Inawezekana ng'ombe alipandishwa siku isiyo yake, au mzunguko wake ni mrefu kidogo, au tishu ya njano imegoma kunywea kwa sababu ya ugonjwa wa kizazi. Pia mimba changa inaweza kufa baadaye. Kwa hiyo aliyepata "huenda" bado anatakiwa kupimwa kwa mkono au kwa mashine ya picha.

Ndiyo maana ni vizuri kuchukua maziwa pia siku ileile ya kupandishwa. Homoni ikiwa juu siku hiyo, ng'ombe hakuwa kwenye joto na mrija umeenda bure.

Sampuli mbovu, jibu bovu

• Maziwa ya mwisho wa kukamua yana mafuta mengi kuliko ya mwanzo, hivyo yanaonyesha homoni zaidi. Chagua moja na ulifuate kila mara.

• Damu ya ng'ombe ikikaa kwenye joto bila kutenganishwa, chembe zake nyekundu huanza kuvunja projesteroni. Ng'ombe mwenye mimba anaweza kuonekana hana. Damu iwekwe kwenye barafu na itenganishwe haraka.

• Dawa ya kuhifadhia sampuli iitwayo sodiamu azaidi inazuia kimeng'enya kinachotumika sana kwenye ELISA. Uliza maabara kwanza inapokea dawa gani.

• Andika namba ya ng'ombe na tarehe ya kupandishwa kwenye kila chupa. Bila tarehe, namba ya maabara haina maana.

Jibu likija "hapana", siku hiyohiyo ongea na mhimilishaji wako. Joto linaweza kuwa limeshaanza, au limepita jana. Kama limepita, anza kuhesabu siku 21 nyingine, na safari hii ng'ombe aangaliwe asubuhi, jioni na usiku.