Butoni za uso si uchafu

Wanafunzi wenzetu, katika kilasi yetu kuna mwenzetu mmoja hapendi tena kupita mbele kwa ubao. Akiitwa, anafunika shavu na mkono. Sababu ni butoni, zile vitabu vinaita chunusi.

Zinatoka wapi? Mtoto akianza kukomaa, homoni zinaongeza mafuta ya ngozi. Yale mafuta yanaziba vitundu vidogo vya ngozi, vijidudu vinazaana mule ndani, na pale panavimba. Basi si uchafu, si uchawi, wala hazingoje uoe ndipo ziponе, kama wakubwa fulani wanavyodanganya vijana.

Unawe uso asubui na magaribi, polepole, bila kusugua. Usizikamue: kwa ngozi nyeusi alama inaweza kukaa miezi. Na zile pomadi za sokoni za kufanya ngozi nyeupe, achana nazo kabisa! Mara nyingi mna kortizoni ndani: kwanza uso unalainika, kisha butoni zinarudi nyingi kuliko mbele. Hata dawa nzuri, kama peroksidi ya benzoili, inaomba juma 6 mpaka 8. Zikiwa kubwa na kuuma, enda kwa dispanseri.

Yule mwenzetu aliniambia butoni hazimuumi sana. Kinachomuuma ni jina tulilomupa. Na mimi nilikuwa ninamwita vile.