Mguu wa kusimamia ndio unaowalaza nje wachezaji Masasi, Newala

MPIRA umetoka pembeni, winga anaukimbilia. Anatanguliza mguu wa kushoto kando ya mpira ili apige krosi na wa kulia. Krosi haipigwi. Mchanga unateleza, enka ya kushoto inakunjika, na kijana yuko chini ameshika mguu ambao haukugusa hata mpira.

Anayefuatilia ndondo za Masasi na Newala ameshaiona picha hiyo mara nyingi. Mashabiki pembeni watasema kakanyaga shimo, na hawakosekani wa kudai wapinzani wamepita kwa mganga. Wachache wanauliza kama mguu ule uliwahi kufundishwa kusimama wenyewe.

Ndiyo, kusimama. Soka ni mchezo wa mguu mmoja kuliko wengi wanavyodhani. Anayepiga shuti yuko juu ya mguu mmoja. Anayeruka kichwa mara nyingi anaondokea mguu mmoja na kutua kwa mmoja. Hata kukimbia kwenyewe ni kuhama kutoka mguu huu kwenda ule, hakuna hatua ambayo nyayo zote mbili ziko chini kwa pamoja. Lakini nenda mazoezini jioni uone: raundi za uwanja, kuruka kichura, halafu wenye jezi upande huu na vifua wazi upande ule. Kichura kinapigwa kwa miguu miwili, kwa hiyo mguu wenye nguvu unambebea mwenzake na hakuna anayegundua.

Maeneo yenyewe yanadai zaidi ya hapo. Masasi iko chini, katikati ya vilima vya mawe. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, pale Shimo la Mungu ambapo ardhi inakatika kuelekea bonde la Mto Ruvuma. Kule juu udongo ni wa kichanga, mguu unazama kidogo kila unapokanyaga. Vijana wanaopandisha mlima mbio wana pumzi za kutosha, hilo halina ubishi. Ila pumzi haizuii enka kukunjika.

Na akiumia, hasara haiishii uwanjani. Mchezaji wa mchangani hana mkataba wala daktari wa timu. Wengine ni bodaboda, na gia ya pikipiki inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Wengine wanategemea msimu wa korosho, kuanzia kuokota shambani hadi kubeba magunia kupeleka ghalani. Goti likivimba mwezi wa kumi, mfuko wa mwaka mzima unatikisika. Halafu ipo ndoto. Namungo ya Ruangwa, mkoa jirani wa Lindi, ilipanda Ligi Kuu mwaka 2019 na msimu wa 2020/21 ikacheza hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Kijana wa Masasi anajua njia ipo na si ndefu sana, lakini kwenye majaribio hakuna anayemsubiri mwenye kuchechemea.

Dawa ipo barazani

Habari njema ni kwamba mguu wa kusimamia haujengwi kwa mashine za gym. Unajengwa nyumbani kwa baraza, kiti cha plastiki na dumu la maji.

Kwa kuanzia, simama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki, goti likiwa limekunjwa kidogo. Sekunde 30, kisha badilisha. Ukiona rahisi, fumba macho. Hapo ndipo wengi wanapoaibika, mchezaji mwenye mapaja kama magogo anayumba kama mlevi kabla ya kufika sekunde ya kumi. Macho yalikuwa yanamsaidia. Kwenye mechi macho yako kwenye mpira na kwa beki, mguu unabaki na kazi yake peke yake. Akizoea, mdogo wake amrushie mpira adake na kurudisha bila kushusha mguu.

Zoezi la pili ndilo linalostahili muda mwingi kuliko yote, nalo ni kushuka baraza. Panda juu, simama kwa mguu mmoja ukingoni, halafu shusha mwingine taratibu mpaka kisigino kiguse chini, kisha rudi juu. Hesabu hadi tatu wakati wa kushuka. Cha kuangalia ni goti la mguu uliobaki juu: lielekee vidole, lisilalie ndani. Goti linalolalia ndani barazani, kwa taratibu, litafanya hivyo hivyo mtu akitua kutoka kichwa kwa kasi, na hapo ndipo kano za goti zinapochanika. Mwenye kioo ajitazame, asiye nacho amwite mwenzake akae mbele yake. Mara nane kila mguu zinatosha kwa kuanzia, na mguu dhaifu ndio uanze.

Kiti kinakuja baadaye. Kaa, nyoosha mguu mmoja mbele, inuka kwa ule mwingine bila kujisukuma kwa mikono, kaa tena polepole. Wasioweza wasione aibu, waweke mto juu ya kiti kupunguza kina. Wakiwa fiti wahamie kwenye kigoda.

Dumu ni kwa ajili ya misuli ya nyuma ya paja, ile inayomfanya straika ashike paja katikati ya mbio. Simama kwa mguu mmoja, dumu la lita tano mkononi, inama mbele kutokea nyonga huku mguu wa nyuma ukinyooka kama mkia, mgongo usipinde. Lita tano ni kilo tano. La lita 20 liachwe kwa kazi yake, maji Newala yana thamani.

Siku tatu kwa wiki, dakika 15 hivi, si usiku wa kuamkia mechi. Mazoezi ya namna hii yamo pia kwenye FIFA 11+, programu ya kupasha misuli inayochukua dakika 20. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia vijana 416 wa timu 20 za ligi ya vijana ya Lagos, Nigeria. Timu zilizotumia programu hiyo zilipata majeraha pungufu kwa asilimia 41 kuliko zile zilizoendelea na mazoezi yao ya kawaida. Hao ni vijana wa Afrika, hawakuwa Ulaya.

Anayedhani mguu mmoja hauwezi kubeba mechi aikumbuke Tembo Warriors, timu ya taifa ya soka la watu wenye ulemavu. Wachezaji wake wa ndani wanacheza kwa mguu mmoja na magongo mawili, na mwaka 2022 waliifikisha Tanzania robo fainali ya Kombe la Dunia nchini Uturuki.

Wiki mbili hazitoshi

Kosa kubwa liko kwa aliyeumia. Enka inakunjika, anakandwa maji ya moto siku hiyohiyo wakati siku za mwanzo inatakiwa baridi, na wiki mbili baadaye yumo kikosini kwa sababu maumivu yameisha. Maumivu huondoka mapema kuliko uwezo wa kusimama imara. Ndiyo maana enka ileile inakunjika tena.

Asiyeweza kukanyaga hatua nne baada ya kuumia asikandwe na mtu, apelekwe hospitali akapigwe picha, iwe Mkomaindo pale Masasi au Ndanda. Vivyo hivyo kwa goti lililolia na kuvimba ndani ya saa chache.

Kwa anayetaka kurudi uwanjani kipo kipimo kisicho na gharama. Chora mstari mchangani, ruka mara tatu mfululizo kwa mguu mzima, utulie pale unapotua, weka alama. Rudia kwa ule ulioumia. Kama mguu mzima umefika mita tano, ulioumia ufike angalau mita nne na nusu. Ukiishia nyuma ya hapo, jezi ibaki kwenye begi na mchezaji arudi barazani.