MAJI YANAPOINGIA KATIKA DAMU WAKATI WA UPASUAJI



Wanaume wengi wakizeeka, tezi dume hukua. Tezi hiyo iko chini ya kibofu, nayo imeizunguka njia ya mkojo. Ikikua huibana njia hiyo. Mzee hukojoa kwa shida na huamka mara nyingi usiku. Wengine mkojo huziba kabisa.

Dawa zikishindwa, daktari hupasua. Iko njia moja ya kupasua bila kukata tumbo. Daktari hupitisha chombo chembamba katika njia ya mkojo. Kisha huikata tezi vipande vipande kwa nguvu ya umeme. Ili aone vizuri, huingiza maji maalumu wakati wote. Maji hayo huondoa damu na vipande vya nyama.

Hatari iko wapi?

Tezi inapokatwa, mishipa ya damu hubaki wazi. Maji huweza kuingia humo. Yakiwa kidogo, hayadhuru. Yakiwa mengi, huizimua damu. Mpishi anajua kwamba mchuzi ukiongezwa maji mengi, chumvi haisikiki tena. Damu yetu nayo ina chumvi. Chumvi hiyo ikipungua sana, ubongo huvimba. Tena maji yakizidi, moyo hulemewa.

Dalili zake ni hizi:

1. Kichefuchefu na kutapika.
2. Kuumwa kichwa na kuona ukungu.
3. Kuhangaika, kuchanganyikiwa na kuropoka.
4. Kupumua kwa shida.
5. Degedege na kuzimia.

Dalili huweza kuanza mgonjwa akiwa bado mezani, au saa nyingi baada ya upasuaji. Asipotibiwa upesi, anaweza kufa.

Madaktari huzuiaje?

Hupima maji yanayoingia na yanayotoka. Hawautundiki mfuko wa maji juu sana, maana ukiwa juu maji husukumwa kwa nguvu. Hujitahidi kumaliza kazi katika muda wa saa moja hivi. Mara nyingi hutia ganzi kwa sindano ya mgongoni, ili mgonjwa awe macho na aweze kusema. Siku hizi viko vyombo vinavyotumia maji ya chumvi. Hayo hayapunguzi chumvi ya damu, lakini yakiingia mengi bado huulemea moyo.

Wewe ufanye nini?

Kabla ya kupasuliwa, mweleze daktari kama una ugonjwa wa moyo au wa figo. Mtajie dawa zote unazotumia.

Ukiwa mezani, ukijisikia vibaya sema papo hapo. Usione haya wala usijikaze.

Nanyi ndugu wa mgonjwa, sikilizeni. Mzee amepasuliwa asubuhi, jioni anaanza kuropoka. Msiseme, "Ni uzee tu." Wala msiseme, "Amerogwa." Mwiteni muuguzi mara moja. Msimlishe chumvi. Chumvi ya damu ikipandishwa haraka mno, nako kuna hatari. Daktari hupima damu kwanza, ndipo ajue la kufanya.

Basi mzee, usiogope upasuaji huu. Wengi hupona na kurudi shambani. Mkojo ulioziba ukiachwa, huharibu figo. Nenda hospitali mapema, ufuatane na mtu wa kukuangalia, naye umsomee ukurasa huu.