Saa Inapolia, Nani Ataitika?

Asubuhi moja ya masika, kule Rubafu, Mama yangu alitoka na panga lake kwenda kukata ndizi ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Majani makavu ya migomba yaliyofunika kibanja yalikuwa yameloa na kuteleza kama sabuni. Ilikuwa yapata saa moja. Hatua chache nyuma ya nyumba, mguu ulimponyoka akaanguka. Mkono wa kushoto ukavunjika, na nyonga ikaumia asiweze kuinuka.

Alipiga yowe, lakini mvua ilikuwa imeanza tena na sauti haikufika mbali. Simu yake ya kitochi ilikuwa mezani, ndani ya nyumba. Alilala pale hadi karibu saa tano, mtoto wa jirani alipokuja kuomba chumvi akamkuta. Saa nne nzima, ndugu msomaji, mwanamke aliyelea watoto watano alilala peke yake chini ya migomba aliyoipanda mwenyewe.

Juma lile lile mdogo wangu anayefanya kazi Dar es Salaam alinipigia simu. "Dada," alisema, "tumnunulie Mama saa. Siku hizi kuna saa zinazojua mtu akianguka na kumwitia msaada."

Ni wazo la mtoto anayempenda mama yake, na bila shaka wasomaji wengi walioacha wazee wao vijijini wamekwisha kulifikiria. Basi katika ukurasa wa leo tuulizane: je, saa hizi zinaaminika kiasi gani?

Saa inavyojua

Ndani ya saa janja mna vipimo vidogo mno. Kimoja hupima jinsi mwendo unavyoongezeka au kupungua ghafla, na kingine hupima mgeuko wa mkono. Mtu anapoanguka, mkono hushuka kwa kasi, hutupwa kwa namna fulani, kisha hugonga chini kwa kishindo. Programu ya saa hulinganisha mwendo huo na mifano ya maanguko iliyofundishwa.

Kampuni ya Apple ilianza kuweka uwezo huo katika saa zake mwaka 2018, Samsung ikafuata, na saa ya Google iitwayo Pixel Watch ikaupata mwaka 2023. Saa ya Apple ikihisi anguko kubwa humgonga mvaaji mkononi, hulia, na kumwuliza kama yu salama. Ikiona hajongei kabisa kwa muda wa dakika moja hivi, huipigia yenyewe namba ya dharura. Baadaye huwapelekea ujumbe ndugu walioandikishwa, ikiwaeleza mahali alipo.

Si jambo la kubezwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati, kama yetu. Wanaokufa zaidi ni wazee. Tena anayelala chini muda mrefu hupatwa na baridi, kiu na vidonda, hata kama anguko lenyewe lilikuwa dogo.

Inapokosea

Hata hivyo watengenezaji wenyewe hukiri kwamba saa haiwezi kutambua kila anguko. Yapo makosa ya namna mbili.

La kwanza ni kunyamaza. Mzee mara nyingi haanguki kwa kishindo. Huishiwa nguvu akateleza taratibu kutoka kitandani, au hujishika ukutani akashuka polepole hadi sakafuni. Kwa saa, mwendo huo hautofautiani sana na wa mtu anayeketi.

La pili ni kulia bure. Kadiri mtu anavyofanya kazi za nguvu, ndivyo saa inavyoweza kudhani ameanguka. Jambo la jamaa yake lilionekana Marekani kuanzia mwaka 2022, Apple ilipotia katika simu za iPhone 14 uwezo wa kutambua ajali ya gari. Vituo vya dharura vikapokea simu kutoka kwa watu waliokuwa wakiteleza juu ya theluji kwa michezo au wakipanda mabembea ya kasi, wote wazima na wenye furaha. Mama yangu hachezi juu ya theluji, lakini hulima kwa jembe na kutwanga. Na saa ikimpigia kelele mara tatu kwa siku, ataivua aiweke kabatini.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Saa ya Apple ikiona mwenyewe anajongea baada ya kuanguka, humsubiri aijibu, wala haipigi simu yenyewe. Sasa tumfikirie Mama asubuhi ile. Hakuzirai. Alikuwa akijivuta kwa kiwiko, akijaribu kufika mlangoni. Saa ingemwona anajongea, nayo ingengoja kidole chake. Kama ingekuwa katika mkono wa kushoto, wangapi tuna hakika kwamba mtu mwenye maumivu yale angeweza kuigusa kwa wa kulia, chini ya mvua, na kuchagua maandishi yanayostahili?

Yapo na masharti ya kawaida. Saa nyingi hutaka chaji kila siku au kila baada ya siku mbili, na mzee huivua usiku, wakati ule ule anapoamka kwenda chooni. Saa isiyo na laini yake hutegemea simu iliyo karibu, na saa ya Apple haipatani na simu ya kitochi wala simu za Android. Tena kwa aliyeandikishwa kuwa na miaka 55 au zaidi, kipengele cha anguko hujiwasha. Aliye chini ya hapo lazima akiwashe. Kijana akiiandikisha saa kwa tarehe yake ya kuzaliwa na kumvisha mama, huenda amemvisha bangili tu.

Simu imepigwa. Kisha?

Nilipomweleza Mama habari za saa hii, alisikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa ndani ya plasta. Kisha akauliza swali moja: "Hiyo saa itamwita nani, mwanangu?"

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Saa huzipigia namba za dharura za nchi. Hapa kwetu 112 ni ya polisi na 114 ni ya Zimamoto na Uokoaji. Namba 115 inajulikana zaidi kwa mpango wa M-mama, ulioanzia Sengerema na Shinyanga, ukazinduliwa mwaka 2022 ili uenee nchi nzima. Mpango huo ni wa akina mama wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, si wa bibi aliyeteleza kibanjani. Lakini una somo kubwa. Mama akizidiwa, simu hupokewa na mtu aliyefundishwa. Gari la wagonjwa lisipokuwepo, hutafutwa dereva wa eneo lile lile aliyekubaliana na mpango tangu awali, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Namba hiyo ina maana kwa sababu nyuma yake yupo mtu mwenye gari aliyekwisha kuahidi kuja.

Sisi wa Kagera tunalijua hili kwa uchungu. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air kutoka Dar es Salaam ilitumbukia ziwani karibu kabisa na uwanja wa ndege wa Bukoba. Walikuwamo watu 43. 19 wakafa na 24 wakaokoka. Ajali hiyo haikuhitaji chombo cha kuitambua, kwani ilitokea asubuhi mbele ya macho ya watu. Waliofika kwanza ni wavuvi kwa mitumbwi yao. Walikuwa karibu, nao walikwenda.

Hata mahali penye vyombo vingi hali si tofauti sana. Utafiti uliofanyika Cambridge, Uingereza, ukachapishwa mwaka 2008, uliwafuatilia wazee wenye zaidi ya miaka 90. Wengi wao walikuwa na kengele za kuitia msaada. Hata hivyo, wengi wa walioanguka na kulala chini muda mrefu hawakuzitumia.

Tulilofanya

Familia yetu ilikaa kikao, wengine kwa simu. Saa hatukuikataa, lakini tuliamua isiwe ya kwanza.

Kwanza tulimshonea Mama kifuko cha shingoni cha kutia kitochi chake, na namba ya jirani wa karibu tukaiweka katika kitufe kimoja. Pili, tulizungumza na jirani huyo na kijana wa bodaboda, tukawaomba waziwazi, nao wakakubali. Tatu, Mama hupigiwa simu saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, kila mtoto kwa zamu yake. Asipopokea mara mbili, jirani hupigiwa. Nne, njia ya chooni imewekwa taa na mti wa kushikilia, na njia ya kibanjani imefagiliwa majani. Tano, amepimwa macho na shinikizo la damu, maana wazee wengi huanguka kwa sababu ya vitu hivyo.

Kwa msomaji anayetaka kumnunulia mzazi wake saa, ushauri wetu ni huu. Uliza kwanza kama inapatana na simu aliyonayo na kama mtandao unafika chumbani na shambani. Andikisha umri wake wa kweli. Mfundishe kuita msaada kwa kubonyeza mwenyewe, kwani hilo ni la hakika zaidi kuliko kungoja saa itambue. Weka katika orodha mtu anayeweza kufika kwa miguu, si wewe tu uliye Dar es Salaam au Mwanza. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Mkono wa Mama umepona, ingawa haunyooki vizuri. Jioni moja ya zamu yangu nilimpigia, hakupokea. Nikapiga tena, hakupokea. Nilipompigia jirani alikwisha kuwa njiani, kwa kuwa alikuwa ameona mlango haujafungwa na giza limeingia. Alimkuta Mama nyuma ya nyumba akikusanya kuni, simu ikilia shingoni mwake, naye haisikii kwa kelele za vyura.