Joto la Thika na udi ndani ya mat haviendi pamoja

Wewe unayekaa Ruiru au Thika unajua jua la Januari hadi Machi. Saa nane mchana, matatu imejaa mpaka mlangoni, dirisha limekwama, halafu kuna jamaa amejipulizia udi kama anaenda harusini. Udi wenyewe hauna makosa. Kule Lamu na Mombasa unawekwa kwenye chetezo, nyumba na nguo zinafukizwa, na watu hao hao wakitaka kitu chepesi wana asumini yao. Wanajua kila harufu na wakati wake. Sisi huku tunapulizia tu.

Iko hivi: ngozi ikipata joto, manukato huruka kwa kasi na kwa wingi. Pafyumu iliyokubeba vizuri Julai, ukiwa na jaketi lako Ruiru, Februari inageuka kero. Na aliye karibu nawe akiwa na pumu, harufu kali inaweza kumwamshia ugonjwa, na hawezi kushuka Juja kwa sababu yako.

Ndiyo maana msimu huu tafuta harufu za ndimu, chungwa, mnanaa, au zile zinazonukia kama maji. Wazo hili ni la kale. Nyumba ya manukato ya Farina ilianza mwaka 1709 mjini Cologne, Ujerumani, na Mwitaliano Johann Maria Farina akatengeneza maji mepesi yenye harufu ya jamii ya machungwa, akayapa jina la mji huo. Leo tunaita “cologne” hata kitu kizito kabisa! CK One ya mwaka 1994 na Light Blue ya Dolce & Gabbana ya 2001 ni za ukoo huo huo.

Sasa, lile lalamiko la “hii ni feki, imeisha masaa mawili.” Pole, lakini si lazima iwe feki. Harufu ya ndimu ni nyepesi kwa maumbile, huruka kwanza. Soma chupa pia: eau de cologne kwa kawaida ina asilimia 2 hadi 5 ya mafuta ya manukato, eau de toilette 5 hadi 15, eau de parfum 15 hadi 20 hivi. Ukinunua nyepesi, umenunua ya kurudia.

Kwa wale maduka ya kupimiwa mafuta kwa mililita, usinunue kwa kunusa kifuniko. Muuzaji akikwambia ni orijino, cheka naye tu. Pakwa mkononi ukiwa Ruiru, usilipe, panda mat hadi Thika, fanya mambo yako, toa jasho. Nusa tena jioni. Hiyo iliyobaki mkononi ndiyo utakayoishi nayo, na kama imegeuka sabuni ya choo, umeokoa doo. Ukiipenda, mililita 10 zinatosha. Kama bado unasaka kibarua, kuweka pesa ya nauli kwenye chupa kubwa ni wazimu.

Halafu kuna hii ya kukamua ndimu na kujipaka ili unukie freshi. Acha kabisa. Maji ya ndimu kwenye ngozi yakikutana na jua yanaweza kukuunguza na kukuachia madoa meusi ya wiki kadhaa.

Kuoga bado ni kuoga, na kwapa linataka diodoranti. Pafyumu juu ya jasho huzaa harufu ya tatu isiyo na jina. Chupa usiiache dirishani, hasa chumba kikiwa cha mabati, maana joto na mwanga huiharibu. Iweke ndani ya droo.

Asubuhi pulizia mara mbili: kifuani chini ya shati, na nyuma ya shingo. Ya tatu ngoja ushuke steji.